Kurudi Nyumbani Baada ya Muhula wa Masomo Ng'ambo: Yapi Uyamalize Kabla ya Ndege, Yapi Ukifika

Anza kujiandaa kurudi wiki sita kabla ya tarehe ya ndege. Jambo lolote linalohitaji sahihi, muhuri au kitambulisho cha mwanafunzi humalizika kwa dakika kumi ukiwa bado chuoni. Ukishaondoka, jambo hilohilo laweza kula miezi. Barua pepe ya chuo inafungwa, laini ya simu inakatwa, na karani uliyezoea kuongea naye dirishani sasa ana foleni ya wanafunzi wapya mbele yake. Wanaoteseka baada ya kurudi, mara nyingi si kwa sababu walifeli kitu. Waliondoka na kazi za dakika kumi zikiwa hazijafanywa.

Karatasi za masomo

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yako hapa ni masomo uliyosoma. Nakala rasmi ya matokeo, yaani transkripti, peke yake haitoshi. Inaonyesha jina la somo, krediti na alama, basi. Anayeamua kama somo lako litahesabiwa nyumbani ni mhadhiri anayefundisha somo linalofanana nalo, na yeye anataka kujua ulifundishwa nini hasa. Somo linaloitwa "Utangulizi wa Takwimu" laweza kuwa la majuma sita ya kuchora grafu au la muhula mzima wa nadharia ya uwezekano.

Kwa kila somo, kusanya silabasi yenye mada za kila wiki, orodha ya vitabu, idadi ya saa za mihadhara na za semina au maabara, mgawanyo wa alama (kazi za muhula asilimia ngapi, mtihani asilimia ngapi), na kazi zako zilizosahihishwa. Vipakue vyote kama PDF kutoka kwenye mfumo wa masomo wa chuo kabla ruhusa yako ya kuingia haijafutwa. Usipige picha ya skrini: picha haina tarehe wala jina la idara, na kamati nyingi huikataa. Hifadhi nakala mbili, moja mtandaoni kwenye akaunti yako binafsi na nyingine kwenye flashi.

Kosa linalowagharimu wengi kuliko yote ni kubadilisha masomo baada ya kufika bila kubadilisha mkataba wa masomo, yaani orodha ya masomo mliyokubaliana kabla ya safari. Wiki ya pili unagundua ratiba zinagongana, unaacha somo moja na kuchukua jingine, mhadhiri anakubali kwa mdomo, mambo yanaendelea. Mwisho wa muhula transkripti inakuja na somo ambalo chuo chako hakijawahi kulisikia. Katika Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, mkataba huo na mabadiliko yake vinahitaji idhini ya pande tatu: mwanafunzi, chuo kinachompeleka na chuo kinachompokea. Hata kama mpango wako si huo, fuata kanuni hiyohiyo. Linganisha orodha ya mkataba na orodha ya usajili wako, mstari kwa mstari, na kila tofauti itafutie sahihi kabla hujaondoka.

Kuhusu krediti, jua mapema zinavyobadilishwa. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60 na muhula ni 30. Krediti moja ni kati ya saa 25 na 30 za kazi yote, ikiwamo kusoma peke yako na kujiandaa kwa mtihani. Marekani mzigo wa kawaida wa muhula ni krediti kama 15, ndiyo maana vyuo vingi huhesabu krediti mbili za ECTS kuwa moja ya Kimarekani. Ukirudi na krediti 27 badala ya 30, hilo pengo la 3 lazima ulizibe mahali fulani, na ni nafuu kulijua sasa kuliko mwaka wa kuhitimu.

Alama zina mtego mkubwa zaidi. Chukua 14 juu ya 20 kutoka chuo cha Ufaransa. Ukiigeuza kwa hesabu ya kawaida unapata asilimia 70, ambayo kwenye vyuo vingine ni alama ya katikati. Ila Ufaransa 10 ndiyo ya kufaulu, 14 huitwa nzuri, na 16 tayari ni nzuri sana. Wanaovuka hapo si wengi. Tazama sasa fomula inayotumika sana Ujerumani, ambako 1 ndiyo alama bora na 4 ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu: unatoa alama yako kwenye alama ya juu kabisa (20 − 14 = 6), unagawa kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya kufaulu (20 − 10 = 10), unazidisha kwa 3, kisha unajumlisha 1. Jibu ni 2.8, ambayo Ujerumani ni ya daraja la kuridhisha tu. Mwanafunzi aliyehesabiwa mzuri kule amegeuka wa wastani kwa sababu ya mstari mnyoofu uliochorwa kati ya mifumo miwili isiyonyooka. Dawa yake ni jedwali la mgawanyo wa alama, linaloonyesha asilimia ya wanafunzi waliopata kila alama. Vyuo vingi vya Ulaya huliambatisha kwenye transkripti. Lisipokuwapo, liombe kwa maandishi, na chuo chako kikigeuza alama vibaya, hilo ndilo litakalokutetea.

Kabla ya kuondoka, uliza ofisi ya mitihani mambo manne: matokeo yatatangazwa tarehe gani, transkripti itatoka lini baada ya hapo (katika Erasmus kawaida haipaswi kuzidi wiki tano tangu matokeo yatangazwe), itatumwa kwa nani, na kwa njia gani. Kisha angalia jina lako lilivyoandikwa kwenye mfumo wao. Mwenye majina matatu mara nyingi huandikishwa kwa mawili, au jina la ukoo hugeuzwa la kwanza. Kurekebisha ukiwa na pasipoti mkononi ni kazi ndogo. Kurekebisha ukiwa mbali huanzia kwenye kuthibitisha kwamba wewe ni wewe.

Kama nyaraka zitahitajika na mfadhili, mwajiri au bodi ya taaluma, uliza kama wanataka apostili. Huo ni uthibitisho wa sahihi na muhuri wa hati, uliowekwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, na hutolewa na mamlaka ya nchi iliyotoa hati, si na ubalozi wa kwenu. Wasahaulifu hulazimika kurudisha karatasi kwa posta hadi nchi waliyotoka. Kama nchi iliyotoa hati au nchi inakopelekwa haimo katika mkataba, njia ni ndefu zaidi: wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi.

Barua ya mapendekezo iombwe katika wiki mbili za mwisho, mhadhiri angali anakumbuka sura yako. Mpe kazi bora uliyomwandikia na sentensi tatu kuhusu unakoelekea, na umwachie barua pepe yako binafsi.

Chumba, pesa na simu

Haya matatu yameshikana kwa mnyororo. Amana ya chumba hurudishwa kwenye akaunti ya benki ya kule, benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya kule, na laini hufa mkataba wake ukiisha. Ukianza kufunga laini, umejifungia nje ya pesa zako mwenyewe.

Soma mkataba wa pango mapema, hata kabla ya zile wiki sita, uone muda wa notisi. Mara nyingi ni mwezi mmoja hadi mitatu, na katika mikataba mingi huhesabiwa tangu mwanzo wa mwezi unaofuata, kwa hiyo barua iliyofika tarehe 3 yaweza kukulipisha mwezi mzima wa ziada. Toa notisi kwa maandishi, ubaki na ushahidi kwamba ilipokelewa. Zima friza siku moja kabla ya kusafisha ili barafu iyeyuke yenyewe. Kuichokonoa kwa kisu hutoboa bomba la gesi, na amana yote huishia hapo. Omba ukaguzi wa pamoja na mwenye nyumba. Piga picha ndani ya oveni, nyuma ya friji, godoro pande zote mbili, fremu za madirisha, na usomaji wa mita za umeme, gesi na maji. Idadi ya funguo ulizokabidhi iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, nyote wawili mtie sahihi.

Kwa pesa na simu fuata mpangilio huu, na usiruke hatua:

1. Siku 30 kabla ya safari, orodhesha kila huduma inayokutumia namba ya uthibitisho kwenye laini ya kule au iliyofunguliwa kwa barua pepe ya chuo.
2. Hamishia huduma hizo kwenye namba utakayobaki nayo, au kwenye programu ya uthibitishaji isiyotegemea laini. Chapisha namba za akiba za kuingilia na uzibebe kwenye karatasi.
3. Pakua barua pepe muhimu za chuo, hasa zile ambamo mratibu au mhadhiri alikukubalia jambo.
4. Sitisha makato ya kila mwezi: kadi ya usafiri, intaneti, ukumbi wa mazoezi. Omba uthibitisho wa maandishi kwa kila kimoja.
5. Jiondoe kwenye daftari la wakazi pale sheria inapotaka. Ujerumani, kwa mfano, hilo hufanyika kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada yake, na cheti unachopewa hukubaliwa na kampuni nyingi kama sababu ya kuvunja mkataba.
6. Acha akaunti ya benki wazi hadi amana irudi na bili ya mwisho ilipwe. Uliza ukiwa bado dirishani kama inaweza kufungwa ukiwa nje ya nchi, na kwa fomu gani.
7. Laini ya simu iwe ya mwisho kabisa. Kama mkataba unakwisha mapema, hamishia namba kwenye laini ya malipo ya kabla inayopokea ujumbe ukiwa nje.

Kwa wanaotaka kutembea kidogo baada ya mitihani: angalia tarehe ya kibali, si tarehe ya mtihani wa mwisho. Mwenye viza ya J-1 Marekani, ile ya programu za kubadilishana, hupewa siku 30 baada ya programu kuisha, na akitoka nchini ndani ya siku hizo hawezi kurudi kwa hadhi ileile. Safari ya wikendi kuvuka mpaka yaweza kumwacha upande mmoja na mabegi yake upande mwingine. Hakikisha pia bima ya afya inafika hadi siku ya kutua, maana nyingi huisha siku ya mwisho ya muhula.

Mizigo

Kwa daraja la kawaida mashirika mengi huruhusu begi la kilo 23 lenye jumla ya urefu, upana na kina isiyozidi sentimita 158. Kilo 32 ndio ukomo wa begi moja hata ukilipia uzito wa ziada. Pima siku mbili kabla, wakati bado kuna nafasi ya kugawa vitu. Vitabu ndivyo vinavyovunja mizani: vyenye nakala maktaba ya chuo chako viache.

Pawabenki na betri za akiba hubebwa kwenye begi la mkononi, kamwe zisiingie kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Kupata wati-saa, zidisha mAh kwa volti kisha gawa kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Kama maandishi ya uwezo yamefutika, wakaguzi wanaweza kuichukua. Dawa zikae kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Nyaraka zote za masomo ziwe mkononi, na risiti ya kompyuta au simu uliyonunua iwe karibu kwa ajili ya forodha.

Mwili

Saa ya ndani ya mwili huchelewa kidogo kuliko saa 24, kwa hiyo kurefusha siku, yaani kwenda magharibi, ni rahisi kuliko kuifupisha kwa kwenda mashariki. Kadiria siku moja ya kuzoea kwa kila saa moja ya tofauti. Ukienda mashariki tafuta mwanga wa jua asubuhi. Lakini tofauti ikizidi saa nane, jikinge na mwanga wa alfajiri siku mbili tatu za mwanzo na utoke nje kuanzia karibu adhuhuri, maana kwa mwili wako alfajiri hiyo bado ni jioni na mwanga wake utausukuma kinyume. Usingizi wa mchana usizidi dakika 30. Kwa hiyo usipange mtihani wa marudio wala usaili katika wiki ya kwanza.

Kuna hatari moja inayopuuzwa sana. Aliyekulia penye malaria na akaishi miezi kadhaa pasipo malaria hupoteza sehemu ya kinga aliyoijenga. Akirudi, homa ambayo zamani ingempitia kama mafua yaweza kumlaza. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Naye aliyetoka penye malaria kwenda kusiko nayo, akipata homa hata ndani ya mwaka mmoja, amwambie daktari alikokuwa, kwani daktari wa huko huenda asiiwazie malaria mwenyewe. Beba pia rekodi za chanjo na matibabu. Cheti cha homa ya manjano, tangu Julai 2016, ni cha maisha yote na hakina haja ya kurudiwa.

Chuoni nyumbani

Wiki ya kwanza nenda kwa msajili ukahakikishe hali yako imebadilishwa kutoka "yuko nje" kuwa mwanafunzi anayeendelea. Mfumo usiposasishwa, unaweza kuhesabika umesitisha masomo, na ufadhili au mkopo husimama bila mtu kukuambia. Kama somo ulilosoma ng'ambo ndilo sharti la kuingia somo la muhula huu na transkripti haijafika, omba barua ya muda ya kukuruhusu kujisajili, ukiambatisha silabasi na uthibitisho wa usajili wa kule.

Somo likikataliwa, usibishane ofisini. Andika rufaa ya ukurasa mmoja yenye jedwali la safu mbili: kushoto mada za somo la nyumbani, kulia mada za somo ulilosoma, kila moja na wiki yake na saa zake. Mhadhiri mwenye shughuli nyingi hulisoma kwa dakika tano. Likilingana kwa sehemu kubwa lakini si kote, pendekeza mwenyewe namna ya kuziba: insha, au mtihani wa mada mbili zinazokosekana. Ombi lenye suluhisho ndani yake hukubaliwa mara nyingi zaidi kuliko malalamiko.

Moyo

Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, aliwachunguza Wanorwe waliokwenda Marekani kwa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, akaeleza jinsi furaha ya mgeni hushuka kisha hupanda tena. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliongeza kwamba mteremko huo hujirudia mtu anaporudi kwao. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba si kila mtu hupitia mkondo huo, lakini wanaoupitia hushangaa kwa sababu moja: kwenda ugenini uliandaliwa kwa semina na vipeperushi, na ulipokosea ulisamehewa kama mgeni. Nyumbani hakuna aliyekuandaa na hakuna anayekuchukulia kuwa mgeni.

Dalili za kawaida ni kuchoshwa na kila kitu, kukosoa mambo ambayo zamani hukuyaona, na uchungu wa kuona watu wanasikiliza habari zako kwa dakika tatu kisha wanarudi kwenye zao. Hawajakosa upendo. Hawana picha ya mahali unapopataja. Andaa majibu ya vipimo vitatu kwa swali la "Kulikuwaje huko?": sentensi mbili kwa jirani, kisa kimoja chenye mwanzo na mwisho kwa jamaa mezani, na mazungumzo marefu kwa mmoja au wawili wanaotaka kweli kujua. Kabla ya kusimulia, uliza nini kilitokea ulipokuwa mbali: nani kaugua, nani kahama, mzaha upi mpya huuelewi. Wao pia walikuwa na miezi yao mitano. Na kwa wiki za mwanzo jizuie kuanza sentensi na "Kule sisi tulikuwa…". Hata ukiwa na haki, msikilizaji husikia anadharauliwa.

Kama unarudi kuishi na wazazi au walezi, zungumzeni wiki ya kwanza kuhusu saa za kurudi, pesa na faragha. Umezoea kujiamulia, wao wanamkumbuka aliyeondoka. Jambo hili likiachwa kimya hulipuka kwa kitu kidogo kama mlango uliofungwa. Wasalimu kwa adabu ileile, wape heshima yao, kisha eleza kwa utulivu ungependa nini kibadilike.

Kuna pia waliorudi na muhula mbaya: upweke, ubaguzi, masomo yaliyowalemea. Hao hawalazimiki kusimulia furaha ambayo haikuwapo. "Ulikuwa mgumu, nitakueleza siku nyingine" ni jibu kamili. Ukipita wiki mbili mfululizo huna usingizi mzuri, huna hamu ya chakula wala ya mambo uliyoyapenda, muone mshauri nasaha wa chuo au daktari, na usisubiri muhula uanze.

Kinachosaidia kwa hakika ni kupata kazi ya kufanya na ulichojifunza. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako karibu kila mara inatafuta wenyeji wa kuwapokea wageni; hakuna anayewaelewa kama wewe. Lugha uliyoipata inahitaji mazungumzo ya nusu saa mara tatu kwa wiki, si kutazama filamu tu, kwa sababu kuelewa hudumu muda mrefu lakini kuongea huanza kukwama ndani ya miezi michache.

Wasifu wa kazi

Uandike ndani ya mwezi mmoja. "Nimejifunza kujitegemea na kuishi na tamaduni mbalimbali" haimwambii mwajiri kitu, kila mgombea ameandika hivyo. Andika kazi: "Mradi wa utafiti wa wanafunzi wanne kutoka nchi tatu, niliongoza uchambuzi wa data na kuwasilisha ripoti kwa Kihispania." Kiwango cha lugha kitaje kwa ngazi za Ulaya, A1 (ya mwanzo) hadi C2 (ya juu kabisa), na tarehe ya mtihani, maana matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya TOEFL na IELTS huhesabika kwa miaka miwili tu.

Miezi mitatu baada ya kurudi, fungua rekodi yako ya masomo na uhakikishe kila somo la ng'ambo limeingia, likiwa na krediti na alama sahihi. Irudie kazi hiyo muhula mmoja kabla ya kuomba kuhitimu, wakati bado kuna nafasi ya kusajili somo la kuziba pengo.